Mwavuli wa Mshenga

Mjini Kiminini hakuna aliyemwita kwa jina. Wenye maduka walimwita Mshenga, vijana wa bodaboda walimwita Mshenga, hata pasta akisoma majina ya wagonjwa wa kuombewa alisema "mzee wetu Mshenga" na kanisa zima likajua ni nani. Jina lake ninalijua. Sitaliandika, kwa sababu nina hakika angeona nimempunguzia cheo.

Aliwahi kufanya kazi ya serikali, katika ofisi ya kilimo, na pensheni yake ilitoka huko. Lakini kazi iliyomjulisha kwa watu ni kubeba maneno ya posa kutoka boma moja hadi jingine. Trans-Nzoia, kaunti yetu, ni mahali pa watu waliotoka mahali pengine. Kijana ambaye babu yake alitoka Nyeri anampenda msichana wa Sirisia, na wazee wa pande mbili hawajui hata namna ya kusalimiana. Hapo ndipo Mshenga alipoitwa. Alikuwa Mbukusu aliyejifunza Kikuyu cha kutosha kusalimia na kusifu chakula, na baada ya hapo alijua kunyamaza.

Alijali viatu kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Vilikuwa vyeusi na ving'aavyo, na wakati wa mvua hakuvivaa njiani. Alitembea na gambuti za mpira, viatu amevifunga kwenye kipande cha gunia la mbolea na kuvibeba kwapani. Akifika karibu na lango la wenyeji aliinama nyuma ya ua, akabadilisha, akaziacha gambuti hapo. Wenyeji waliona mzee aliyetokea matopeni bila doa. Watoto ndio walioijua siri hiyo, kwa kuwa ndio waliotumwa kwenda kuangalia gambuti ni za nani.

Malipo yake yalikuwa mwavuli. Hakutaka kitu kingine, ila mwavuli wenyewe ulikuwa lazima uwe mpya. Sebuleni kwake ukuta mzima ulipigiliwa misumari na miavuli ikaning'inia hapo kama popo. Mtu yeyote aliyekutwa na mvua hapo barabarani angeingia na kuazima, na Mshenga hakukumbuka nani alichukua upi. Mke wake ndiye aliyekumbuka. "Huo wa maua ni wangu," angemwambia mwanamke sokoni, "lakini endelea nao tu, kuna mwingine."

Kulikuwa na kanuni moja kuhusu mwavuli. Hakuupokea kabla maneno hayajaisha. Kwake yeye maneno hayakuisha kwa sababu ng'ombe wamefika au harusi imepangwa. Yaliisha pale ambapo kila jambo limesemwa mbele ya kila mtu. Kuna posa moja ya Webuye iliyovunjika mikononi mwake. Alieleza wazi kwamba kijana ana mtoto mahali pengine, na wazazi wa msichana wakasimama, wakawafungulia wageni mlango. Baba ya kijana alikasirika sana. Nje ya lango, Mshenga akamnyoshea mkono.

"Mlinituma niseme. Nimesema. Mwavuli."

Yule baba alimpa ule aliokuwa ameushika, akarudi kwake akinyeshewa. Kisa hiki nilikisikia kwa watu wengi, na wote walikubaliana kwamba ilinyesha.

Mkewe ndiye aliyenieleza chanzo cha ukali huo. Miaka ya nyuma, kabla mimi sijamfahamu, Mshenga alipeleka posa bila kuuliza mengi. Kijana alikuwa na mke Bungoma mjini. Msichana aligundua akiwa tayari ameolewa, akarudi kwao. Mshenga alikwenda kuomba msamaha, wakamfungia lango. Akakaa hapo nje. Kesho yake akarudi, akakaa tena. Mwishowe mama ya msichana alimletea kiti, lakini lango halikufunguliwa. Tangu siku hiyo hakukubali kutumwa kabla ya kuingia jikoni, peke yake, kwa yule atakayezungumziwa. Huko aliuliza swali moja: "Niambie ile kitu hutaki niseme." Kisha akienda kwa wenyeji, kitu hicho ndicho alichokitanguliza.

Mtu huyu aliyewasemea wengine hakuweza kujisemea. Sokoni hakuweza kupatana bei ya nyanya. Kwenye zahanati alikaa mbele ya daktari amefunga mdomo huku mkewe akieleza inapouma. Na kilichotufurahisha sisi majirani zaidi ni kwamba mke huyo mwenyewe hakumposa. Walitoroka tu.

"Nani angemtuma?" mkewe alicheka. "Alikuja na baiskeli akasema panda. Mimi nikapanda. Mpaka leo kwetu wanangoja mshenga."

Mshenga, aliyekuwa akisikia haya, alijifanya anatafuta miwani.

Jambo jingine lilikuwa ulimi wake. Kama wengi wa upande wa Bungoma, "l" na "r" zilibadilishana viti mdomoni mwake bila kumuuliza. Siku aliyokuja Kitale kwa wakwe zangu kuyaanza maneno yangu, akiwa ametumwa na watu wa kwetu baada ya wao kuniomba, ulikuwa mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, na wenyeji walikuwa wamechoka kutembelewa na wagombea. Vyakula vililetwa mapema. Mshenga akainuka, akasema kwa heshima, "Wazee, sisi hatukuja kura. Tumekuja kuongea."

Ami wa mume wangu akamjibu, "Kura ni mwaka ujao, mzee. Saa hii ni chapati."

Nyumba nzima ilicheka, na baada ya hapo hapakuwa na ugumu. Mume wangu anaamini hadi leo kwamba mzee alifanya makusudi. Mimi sijui. Nimemsikia akisema "balua" kwa barua hata akiwa amekasirika, na mtu aliyekasirika hana nafasi ya kuigiza.

Mimi naye tulikuwa tumekutana jikoni kwa mama yangu, Sirisia, siku mbili kabla ya safari hiyo. Nilikuwa nimempakata mtoto wa dada yangu. Dada alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na tangu hapo mtoto huyo, Nekesa, alilala kwenye kitanda changu. Shangazi zangu walikuwa wameshaamua kwamba asitajwe. Niolewe kwanza, nizoeleke, halafu siku moja mtoto aje kutembea, asirudi. Hawakuwa wabaya. Waliogopa nitaachwa.

Mshenga alivuta kigoda, akauliza swali lake. Nikamwonyesha mtoto kwa kidevu.

"Huyu?"

"Huyu."

"Unaenda na yeye ama unaenda bila yeye?"

"Na yeye."

"Sawa. Hiyo ndiyo nitaanza nayo."

Na ndiyo aliyoanza nayo, baada ya kicheko cha kura. Alisema, "Mnaomba mmoja, sisi tunaleta wawili. Kama mlango ni mdogo, semeni sasa." Baba mkwe wangu, mtu wa maneno machache, alijibu kwamba mlango wake ni mpana. Mshenga akaketi, akala chapati nne, na jioni akaondoka na mwavuli wa kijani.

Nimeeleza haya yote kwa sababu miaka kumi na kitu baadaye tulimwendea tena, na safari hii hatukuwa na posa.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea matangi. Kampuni moja ya Kanada ilikuwa tayari kumchukua, na familia ingeweza kwenda naye. Tulikuwa na watoto watatu: Nekesa, Ciku na Kamau. Binamu ya mume wangu alikuwa ameshaondoka kwa msaada wa wakala, naye alituma picha za watoto wake wakiteleza kwenye theluji. Tukaenda kwa wakala wa Kitale, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Palikuwa safi. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu, alinipa maji ya kunywa kabla ya kuniuliza lolote, na alijua mambo tusiyoyajua. Alizipanga karatasi zetu mezani kwa mpangilio mzuri.

"Hawa watoto wote ni wenu?"

"Wote," nikasema.

"Wa kuzaa?"

"Wawili," mume wangu akasema. "Mkubwa ni wa marehemu dada ya Mama Ciku hapa. Lakini ako kwetu tangu akiwa mdogo kabisa."

"Kuna karatasi ya korti?"

"Hapana."

"Basi huyo tumuweke kando kwanza. Tukimuandika, faili inakuwa nzito. Nyinyi mfike, mtulie, halafu mnamwitisha. Madam, si eti tunamuacha. Wengi wanafanya hivyo."

Alipotamka "kando" alikisukuma cheti cha Nekesa kwa kidole kimoja hadi ukingoni mwa meza. Hakukiangusha. Nilikitazama hadi tulipoondoka.

Njiani mume wangu alinieleza upande wake, nami nitauandika kama alivyousema, kwa kuwa haukuwa wa kipumbavu. "Mimi najua chuma. Hizo fomu sijui. Nikikosea neno moja wananitupa nje na hii nafasi hairudi. Huyu kijana anajua njia. Na Nekesa atakaa na shosho yake, mama yako, mwaka mmoja, miwili, si ni nyumbani tu?"

Nilisoma mwenyewe maelezo ya serikali ya huko, taratibu, na nikaona jambo ambalo kijana hakutuambia: mtu wa familia asiyetajwa mwanzoni anaweza kukataliwa baadaye. Nilimsomea mume wangu. Akasema labda kuna njia, wakala anajua. Nekesa alikuwa chumba cha pili akimjaribisha Kamau koti zito la mitumba. Alikuwa ameshanunua mawili. Lake hakuwa amelinunua, na sikujua kama amesikia kitu au anangoja tu soko la Jumamosi.

Basi tukaenda kwa Mshenga. Tulimkuta akinywa chai yenye sukari ambayo mkewe alikuwa amemkataza. Mume wangu alieleza yote kuanzia kampuni hadi ofisi ya ghorofani. Mzee alisikiliza akikoroga.

"Huyo wakara wenu," akasema, "amekura kwao?"

"Kwa kina nani, mzee?"

"Hao wa Kanada. Ashawahi kaa kwao, akakura, wakamuangalia uso?"

"Hiyo ni gavamenti, mzee. Haipikii watu."

"Sasa yeye ni mshenga wa nani?"

"Ako na ofisi. Mzuri tu."

"Ofisi iko upande huu. Nauliza upande ule." Akaonja chai. "Mimi siwezi kusema mtu wa kati ni mbaya. Nikisema hivyo hii miavuli nitarudishia nani?"

Mume wangu akacheka, na mzee akamwacha acheke hadi aishe. Kisha akauliza, kwa sauti ile ya jikoni kwa mama yangu, "Amewaambia msiseme nini?"

Mke wa Mshenga aliacha kuchambua mboga. Nikaona nikinyamaza mimi, hakuna atakayesema.

"Ametuambia tusimseme Nekesa, baba."

Mshenga hakunitazama. Alimtazama mume wangu.

"Huyo mtoto mimi nilimsema kwenu. Uliniskia. Baba yako alijibu aje?"

"Alisema mlango ni mpana."

"Alisema hivyo?"

"Alisema, mzee."

"Haya," akasema, na akaomba kikombe cha pili.

Nilitaka zaidi. Nilimwambia, baba, tuambie basi tufanye nini, tumtumie huyu kijana au tujiandikie wenyewe, muda unaisha. Akasema yeye hutumwa, hashauri. Halafu papo hapo akaanza kushauri, na ushauri wake ulikuwa wa ajabu. Tuwaandikie Wakanada balua ya kuwasalimia kwanza, kabla ya fomu yoyote. Mume wangu apigwe picha na suti, lakini viatu vionekane. Mkewe alimwambia anyamaze kabla hajatuvunjia safari.

Tulipofika langoni mume wangu alisema, "Na tukikosa?"

"Tutakosa wote."

Tulitembea hadi kwetu, na kabla ya kulala alimpigia simu yule kijana, akamshukuru kwa adabu, akamwambia tutachelewa kidogo kwa sababu kuna mtoto ambaye hatujamaliza maneno yake. Kijana alituonya kwamba kampuni haitangoja. Katika hilo alisema kweli.

Kumfanya Nekesa awe wetu mbele ya sheria kulituzungusha. Tulikwenda kwa ofisa wa watoto, tukatembelewa nyumbani, shangazi zangu waliletwa kutoka Sirisia kusema mbele ya hakimu yale waliyotaka yafichwe zamani. Tulihitaji wakili. Mshenga alipojua alifurahi sana. "Kumbe mmetafuta mshenga," alisema. "Tofauti yake ni gauni." Na alikuwa na haki ya kututania. Mtu wa kati tulimtumia, ila huyu alisimama mbele ya hakimu tukiwa tumekaa nyuma yake, tukisikia kila alichosema kwa niaba yetu.

Kabla korti haijamaliza, nafasi ya kampuni ilikwenda kwa mtu mwingine. Mume wangu aliupokea ujumbe akiwa kazini, na jioni alichomelea lango letu ambalo halikuwa limevunjika. Kwa wiki kadhaa alizungumza na watoto tu. Sikumlaumu. Binamu yake aliendelea kutuma picha.

Korti ilikuwa imeshatukabidhi karatasi ya Nekesa nafasi ya pili ilipokuja, ndogo kuliko ile, katika mji ambao hatukuwahi kuusikia. Safari hii fomu tulizijaza wenyewe. Mume wangu alisoma kwa sauti, mimi niliandika, Ciku alisahihisha herufi. Kwenye nafasi ya mtoto wa kwanza niliandika jina la Nekesa, naye alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono juu ya kiti. Tulituma. Majibu hayajafika hadi ninapoandika haya.

Kufikia wakati huo Mshenga hakuwa jirani yetu tena. Kiharusi kilimpata, na binti yake aliyeolewa Kapsokwony, juu mlimani, akamchukua yeye na mama. Tulipanda kwenda kumwona, wote watano, kwa pikipiki mbili zilizolia njia nzima kwa mlima ule. Juu huko mawingu yalikuwa karibu kabisa. Nilikuwa nimebeba mwavuli mweusi, mpya, niliokuwa nimeununua Kitale asubuhi ile kwa sababu ya hali ya hewa, si kwa sababu nyingine.

Alikuwa amekalishwa kwenye kiti chenye mito, chini ya miavuli yake iliyohamishwa naye. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelala. Viatu vyake, vimeng'arishwa, vilikuwa miguuni ingawa hakuwa anakwenda popote. Maneno yalimtoka yakiwa yamevunjika, na binti yake alikaa ubavuni akimsemea. Alifanya hivyo kwa upendo, na kwa haraka kidogo.

Mume wangu alimweleza kuhusu korti na fomu. Mzee alitoa sauti.

"Anasema Mungu awatangulie," binti akasema.

Mzee akatikisa kichwa. Akarudia.

"Anataka chai."

Akatikisa tena, sasa akigonga mkono wa kiti. Mkewe alikuwa mlangoni na hakuingilia. Nekesa alijongea, akachuchumaa mbele yake kama tunavyochuchumaa kumsikiliza mtu mzima aliyeketi.

"Sema tena, kuka," akasema, akimwita babu kwa Kibukusu.

Akasema tena. Nekesa alifikiri kidogo, kisha akacheka.

"Anauliza kama mmenisema."

Mzee alitulia. Ndicho alichokuwa akiuliza.

"Wamenisema, kuka," Nekesa akamwambia. "Tena mbele ya hakimu. Wamenisema vibaya sana, ati nachoma ugali."

Ule upande wa uso uliobaki mzima ulicheka. Kisha akanyosha mkono, ule uliokuwa na nguvu, kiganja juu, akauacha hapo hewani. Binti yake akaushika, akidhani anataka kuagana. Aliuondoa mkono wa binti, akanyosha tena. Alikuwa anatazama mwavuli wangu.

"Lakini mzee," mume wangu akasema taratibu, "bado hatujajibiwa. Huenda wakatukataa."

Mkono haukushuka.

Nikampa. Aliulaza magotini, akapitisha kidole gumba kwenye mpini kuona kama kweli ni mpya, na baada ya hapo hakuwa na haja nyingine nasi. Mvua ilianza kabla hatujaifikia barabara. Kamau aliuliza kwa nini tusirudi tuazime mwavuli mmoja, si mzee anayo mingi. Mume wangu akamwambia ile ni ya maneno ya watu wengine. Tukateremka Kapsokwony tukinyeshewa, wote watano.